Nyumba ya wawili, risiti ya jina moja

Mfanyabiashara wa Kirewa anayeuza maharagwe Busia ana njia mbili za kumaliza siku. Ama arudi Tororo na kuendelea hadi kijijini usiku, ama apange chumba karibu na mpaka. Akiwa peke yake hesabu haimsumbui: nauli upande huu, kodi upande ule, aone ipi nzito. Akishapata mwenzake, na mwenzake akawa mtu wa ng'ambo ya lango, hesabu hiyo inaingiliwa na katiba mbili, mila za koo mbili na shilingi mbili zisizolingana. Hapo ndipo wengi wanapopoteza kilichochumwa kwa miaka ya kupanga foleni forodhani.

Chukua mfano wa wawili ambao kila anayefanya kazi Busia au Malaba amewahi kukutana na watu wa aina yao. Mwanamume ni Mjopadhola wa Kirewa, Budama Magharibi, anayenunua nafaka kwa wakulima na kuipeleka mpakani. Mwanamke ni wa Busia upande wa Kenya, ana kibanda cha mitumba. Wameishi pamoja miaka minne, wana mtoto, mahari bado haijatolewa. Kuoana kwa kuvuka mpaka hapa si jambo geni. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na mpaka mwaka 1902 Waingereza walikuwa wameuchora upande huu wote wa magharibi ya Kenya kuwa sehemu ya Uganda. Hata jina bodaboda linasimuliwa kuwa lilizaliwa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Watu wamezoea kuvuka. Ni nyumba ambayo haijazoea.

Kutafuta nyumba kwa watu wa biashara hakufanani na kwa mwalimu au karani. Karani hutafuta pa kulala. Mfanyabiashara hutafuta pa kulala na pa kuweka mzigo, na pengine mzigo ndio unaopewa nafasi kwanza. Upande wa Uganda chumba kimoja cha kupanga huitwa muzigo, na vyumba vingi mizigo. Mkenya akiambiwa kwa mara ya kwanza kwamba kuna mizigo mizuri mtaa wa pili, hudhani ameitwa kununua bidhaa. Ni mzaha, lakini una ukweli wake, kwa sababu chumba kile ndicho ghala. Robota likinyeshewa usiku kwa paa linalovuja, hasara yake inapita kodi ya miezi kadhaa. Mlango usiofunga sawasawa ni mtaji ulioachwa barabarani. Kwa hiyo wawili hao hubishana mbele ya dalali hadi jioni. Mmoja anakagua mabati na kufuli, mwingine anataka kujua kama pikipiki itaingia uani na kama gari la mzigo litafika mlangoni mvua zikianza. Kama umeme ni wa mita yao wenyewe au wa kugawana na majirani, kama maji ni ya bomba au ya mtungi, yote yanaulizwa.

Jambo moja haliulizwi. Mwenye nyumba anapofungua kitabu cha risiti, anaandika jina lililo karibu. Upande wa Uganda mara nyingi litakuwa la mwanamume, kwa sababu ndiye mwenye kitambulisho cha Uganda na ndiye anayejulikana kwa mwenyekiti wa LC1. Upande wa Kenya litakuwa la mwanamke kwa sababu hiyo hiyo. Pesa zilitoka kwa nani, nani alituma ile ya mwezi wa kwanza kwa simu na nani alilipa ya kufunga mlango wa chuma, havimo kwenye karatasi. Chumba kimepatikana, wanahamia, wanapika.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda, ya mwaka 2022, imempa mpangaji kinga ambazo zamani hakuwa nazo. Mwenye nyumba haruhusiwi kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na hawezi kumtupa mtu nje kwa nguvu zake mwenyewe bila kupitia mahakamani. Ni kinga nzuri. Zinamhusu mpangaji, na mpangaji ni yule ambaye mkataba unamtaja. Mwenza wa chumbani ambaye jina lake halipo mahali popote ni mgeni aliyekaa sana. Wakigombana, au mwenye jina akifariki, au akisafiri Kampala asirudi, huyo aliyebaki anaanza upya kujieleza kwa mwenye nyumba huku marobota yake yakiwa ndani.

Hasara ya chumba cha kupanga, hata hivyo, ina mwisho. Miezi mitatu ya kodi na kufuli. Hasara inayovunja watu ni ile ya hatua inayofuata, pale mmoja anaposema maneno ambayo kila mtu mpakani ameyasikia: kwa nini tuendelee kuwalipa watu, twende tukajenge kwetu.

Kwetu ni Kirewa. Ardhi ipo, baba aliigawa, hakuna anayedai bei. Matofali yanachomwa hapo hapo, saruji inatoka Tororo mjini, mafundi ni binamu. Kinachokosekana ni fedha taslimu, na fedha taslimu zinazo kibanda cha mitumba. Zinavuka lango la Busia kama shilingi za Kenya, zinabadilishwa, zinageuka mabati. Baada ya mwaka mmoja au miwili nyumba imesimama, vyumba vitatu na sebule, na jirani wanaisifu. Mwanamke ameweka humo akiba yake yote na pengine mkopo wa kikundi.

Ni ya nani? Kwa mwanamke huyu jibu lina kufuli tatu, moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ni uraia. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, imesema ardhi ni ya raia wa Uganda, na kwamba asiye raia anaweza kupata haki ya kukodi tu. Sheria ya Ardhi ya 1998 imeweka kikomo cha kukodi huko kuwa miaka 99, na kutaka mkataba wa miaka mitano au zaidi uandikishwe. Umiliki wa kimila, ambao ndio umiliki wa sehemu kubwa ya Budama, si mlango ambao Mkenya anaweza kuingia nao kwa kununua.

Ya pili ni ndoa. Sheria hiyo hiyo ya ardhi, hasa baada ya marekebisho ya 2004, inamlinda mke au mume kwenye ardhi ya familia: haiwezi kuuzwa, kuwekwa rehani wala kukodishwa bila ridhaa ya mwenzi, na mwenzi ana haki ya kuendelea kuikalia. Wanawake wengi mpakani wamelisikia hilo redioni na wanaliamini. Lakini sheria ilisema mwenzi wa ndoa. Kuishi pamoja miaka minne, au kumi na minne, si ndoa mbele ya sheria za Uganda. Ndivyo ilivyo pia kwenye mirathi. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Urithi yamempa mjane asilimia 20 ya mali ya marehemu asiyeacha wosia, mbali na haki ya kubaki katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Mwenza ambaye hakuolewa hayumo katika fungu hilo, hata kama kila bati la juu alilinunua yeye.

Ya tatu ni ukoo, na hii haimo kwenye kitabu chochote cha serikali. Ardhi aliyopewa kijana na babake inaonekana na ndugu zake kuwa ya nyumba yao. Mgeni anayejenga juu yake, kwa macho yao, amemsaidia mtoto wao kujenga. Wanamshukuru kwa dhati kabisa. Siku mambo yakiharibika wanamwambia achukue vyombo vyake, na wanaposema vyombo wanamaanisha sufuria.

Isidhaniwe kwamba mwanamke ndiye pekee anayeumia. Geuza mfano. Mwanamume wa Kirewa amechoka kuvuka kila siku, biashara imekua, wanaamua kununua ploti upande wa Busia ya Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Kama ni shamba, bodi ya kudhibiti ardhi haitoi kibali cha kumuuzia asiye raia. Kuna na jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawajalisikia kabisa: tangu marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016, ardhi iliyo ndani ya kilomita 25 kutoka mpaka wa nchi kavu inahesabiwa kuwa ya kudhibitiwa, na shughuli za kuihamishia kwa asiye raia zinataka kwanza idhini ya waziri. Mji wote wa Busia, Malaba yote, na vijiji vya nyuma yake vimo ndani ya kilomita hizo 25. Kwa maneno mengine, pale hasa ambapo watu wa nchi mbili wanaoana na kufanya biashara pamoja, ndipo sheria ilipokaza.

Basi mwanamume huyo naye anafanya wanachofanya wengi. Ploti inaandikwa jina la mwanamke. Kama hamwamini vya kutosha, inaandikwa jina la shemeji. Jina la kuazima ni ugonjwa wa mpakani. Linafanya kazi vizuri mpaka siku mwenye jina anapohitaji mkopo, au anapofariki na watoto wake kukuta hati yenye jina la baba yao. Watoto hao hawasemi uongo wanaposema ploti ni yao. Hati inasema hivyo.

Yote haya yanatokea ndani ya Jumuiya ambayo imejivunia, kwa haki, kufungua njia. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi na marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, na leo ofisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa chini ya paa moja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zinazokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, ana cheti chepesi cha asili ya bidhaa kinachompitisha bila ushuru wa forodha. Itifaki hiyo inampa Mwafrika Mashariki haki ya kuanzisha biashara nchi jirani na haki ya kuishi huko. Kisha inafika ibara ya 15 na kusema kwamba upatikanaji wa ardhi na majengo utafuata sera na sheria za kila nchi. Ni ibara fupi. Walioiandika walijua ardhi ni moto na hakuna nchi iliyokuwa tayari kuushika. Matokeo yake ni kwamba robota lina haki nyingi kuliko mwenye robota. Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka kwa wasafiri kwa ajili ya korona na kuacha malori ya mizigo yapite, hilo lilionekana wazi: watu waliokuwa na nyumba upande mmoja na kibanda upande mwingine walitazamana kwa mbali, na mahindi yakapita.

Sasa, watu wa mpakani wafanye nini wakati wanasiasa wanangoja? Ushauri wa mitaani ni kwamba wapendanao wasiandikiane, kuandikiana ni kutoaminiana. Huo ni ushauri mbaya kwa mfanyabiashara, na ajabu ni kwamba mfanyabiashara huyo huyo haufuati kazini. Anapochanga na mwenzake kununua gunia mia za mahindi, wanaandika nani ametoa ngapi. Anapokopesha robota, anaandika. Kwenye nyumba tu, ambayo inameza mtaji kuliko biashara yoyote aliyowahi kuifanya, ndipo anapoona haya.

Mahakama ya Juu ya Kenya imetoa sababu ya kuacha haya hiyo. Tarehe 27 Januari 2023 iliamua kesi mbili za nyumba na wapendanao. Katika ya kwanza, ya mke na mume, ilisema usawa wa wanandoa uliomo katika Katiba hauna maana kwamba kila mmoja anapata nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe, na mchango huo unaweza kuwa wa kazi za nyumbani na malezi, si pesa tu. Katika ya pili, wawili walikuwa wameishi pamoja miaka mingi bila ndoa, na mmoja alitaka wahesabiwe kuwa mume na mke. Mahakama ilikataa. Ilisema kudhania ndoa ni jambo la nadra. Hata hivyo haikumwacha yeyote mikono mitupu: kwa kutazama nani alichangia nini, iligawa mali asilimia 70 kwa 30. Aliyeokoa fungu lake hakuokolewa na mapenzi wala miaka. Aliokolewa na ushahidi. Hukumu hizo ni za Kenya na hazifungi mahakama za Tororo, lakini mtu mwenye akili anayevuka lango kila siku atazisoma kama onyo linalovuka naye.

Ushahidi huo ni vitu vya kawaida. Ujumbe wa simu wa fedha zilizotumwa, usifutwe. Risiti ya mabati na saruji iandikwe jina la aliyelipa, sio la fundi. Mkataba wa chumba uwe na majina mawili na sahihi mbili. Hakuna sheria upande wowote inayomkataza mwenye nyumba kuandika wapangaji wawili, na wengi wao hawajali mradi kodi inaingia. Anayekataa kabisa kuandika jina la pili ameshawaeleza wawili hao jambo la maana kabla hawajahamia.

Kuhusu kujenga Kirewa, au kwa mzee mwingine yeyote, msimamo unapaswa kuwa mkali zaidi: ndoa kwanza, tofali baadaye. Sherehe kubwa haihitajiki. Uganda imekuwa na sheria ya kuandikisha ndoa za kimila tangu 1973, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ndoa za kimila ziandikishwe vilevile. Mwanamke aliyeandikishwa ana mahali pa kushika anapoambiwa aondoke. Aliyejenga tu hana. Kama mahari haijakamilika na hakuna dalili, bora aendelee kupanga. Kupanga kunadharauliwa sana, hasa na wakwe, kana kwamba mpangaji ni mtu asiye na kwao. Lakini kwa mfanyabiashara, shilingi iliyo kwenye bidhaa inazunguka na inaweza kubebwa asubuhi moja kuvuka lango. Shilingi iliyo kwenye ukuta wa ardhi ya mtu mwingine haibebeki.

Atakayepinga ana hoja moja nzito. Kuna nyumba ambamo kuomba jina kuandikwa ni kuomba kipigo au kufukuzwa, na mwanamke anayenyamaza hapo si mjinga, anapima hatari. Kumwambia adai karatasi bila kumpa mahali pa kuipeleka ni rahisi kwa anayeandika gazetini. Ndiyo maana suala hili haliwezi kuachwa kwa wapendanao peke yao, watatuane gizani. Linahitaji ofisi ambayo kutaka majina mawili ni utaratibu wake wa kila siku, ili isionekane kwamba ni mwanamke aliyedai, bali ni fomu inayodai. Mtu akiulizwa na fomu hakasiriki kama akiulizwa na mwenzake.

Nchi hizi mbili si lazima zibadilishe katiba zao kwa ajili hiyo. Kwa Uganda, kukodi kwa asiye raia kwa muda usiofika miaka mitano tayari hakuhitaji kuandikishwa kama hati kubwa. Mkataba wa namna hiyo kati ya mwenye ardhi na mwenza wake wa Kenya, ukieleza nani alijenga nini na atalipwaje wakiachana, unaweza kuandikwa leo na kushuhudiwa na LC1. Kwa Kenya, waziri wa ardhi anaweza kuweka njia fupi ya idhini ndani ya zile kilomita 25 kwa raia wa Jumuiya aliye katika ndoa iliyoandikishwa na Mkenya, badala ya kumpitisha mlango ule ule wa kampuni ya kigeni inayotaka ekari elfu. Tena anayeolewa na Mkenya anaruhusiwa na Katiba kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa. Njia fupi ingekuwa ya kumvusha katika miaka hiyo saba tu.

Mikataba hiyo ya mfano ichapishwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nafasi mbili za majina juu na mbili za sahihi chini. Iwekwe Busia na Malaba kwenye meza zile zile ambako wafanyabiashara wadogo hujaziwa vyeti vya asili ya bidhaa, kwa sababu huko ndiko wanakofika kila wiki, na maofisa wa pande zote mbili wameshakaa.